Tuhuma ya Kula Watu



Wapendwa, anayevuka bahari kuja Pemba huonywa na ndugu zake wa bara: jihadhari, huko watu huliwa. Husemwa kwamba mchawi haingizwi chamani mpaka atoe mtu wa damu yake, aliwe na wenzake usiku. Hata Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha mwaka 1931, aliitangaza Pemba kuwa kitovu cha uchawi. Uvumi huo ni dhuluma, na baadhi ya waamini wetu wanaueneza.

Wagiriki wa kale nao walisimulia ulaji wa watu. Tantalus alimchinja mwanawe Pelops, akampika na kuwaandalia miungu. Atreus, mfalme wa Mycenae, alimwita nduguye Thyestes kwa maneno ya upatanisho, akamlisha nyama ya wanawe mwenyewe. Ni hadithi za kutisha, lakini tazameni chungu kiko wapi: kiko jikoni mwa mfalme, na laana hushukia ukoo wa mfalme.

Uvumi wetu humshitaki nani? Mjane asiye na mtetezi. Huko bara, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizowapikia wajukuu. Naye mganga anayelipwa kumtaja "mlaji" hula mchana kweupe, wala hakuna amwitaye mchawi. (Ada yake, nasikia, hailipwi kwa mkopo.)

Tena Mkristo ndiye asiyepaswa kabisa kuitamka tuhuma hii. Mwaka 177, mjini Lyon, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, watumwa wapagani wa nyumba za Wakristo waliogopa mateso, wakashuhudia kwamba mabwana wao hufanya karamu za Thyestes. Naam, Thyestes yule yule! Blandina, mtumwa Mkristo, aliteswa tangu asubuhi hadi jioni akikana kwamba Wakristo hutenda uovu wowote, mwishowe akauawa. Karibu na mwaka huo huo Athenagoras wa Athens alimwandikia Kaisari Marcus Aurelius kuikanusha tuhuma hiyo hiyo.

Basi wewe uliyepokea Komunyo asubuhi, jioni ukaketi barazani kusema bibi fulani kamla mjukuu wake, pale Lyon ungesimama na nani? Mtoto akifa kwa homa, ulizeni kwanza aliugua siku ngapi kabla ya kufikishwa hospitali. Jina la jirani yake liacheni.