Lifti ya gari Kwamndolwa: ardhi bado nafuu kuliko nguzo

LIFTI ya kuhifadhia magari ni mtambo unaopandisha gari moja juu ili jingine liegeshwe chini yake. Kwa mtu mwenye magari mawili na banda la gari moja, mtambo huo huonekana kuwa jibu la haraka. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo wa Kwamndolwa, kata ya Mji wa Korogwe iliyo katika ukanda wa mkonge wa Mkoa wa Tanga, hesabu zinaonyesha kwamba mara nyingi jibu hilo ni ghali kuliko swali lenyewe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa mkazi wa Kwamndolwa ni kiwanja. Kabla ya kutoa fedha kununua nafasi ya juu hewani, ni vyema akapima kwanza ile aliyonayo chini.

Sababu ilibaki Japan

Magari mengi madogo yanayopita barabara ya Segera hadi Mombo yaliingia nchini yakiwa yametumika Japan. Huko lifti za kuegeshea zina soko la uhakika, na sababu inajulikana. Tangu mwaka 1962 Japan ina sheria inayomtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka, na katika miji yake mnunuzi huthibitisha hilo kabla ya kusajili gari. Ardhi ya miji hiyo ni ya bei mbaya, hivyo kuweka gari juu ya gari kunalipa.

Gari lilipanda meli likaja, lakini sababu ya lifti ilibaki bandarini. Korogwe hakuna anayedaiwa uthibitisho wa maegesho, na mwenye kiwanja cha kawaida anaweza kuezeka banda la pili kwa nguzo za miti na bati. Mwenye kununua lifti katika mazingira hayo analipia tatizo la mtu mwingine.

Rula kabla ya pochi

Anayeona bado anaihitaji aanze na rula. Toyota Hiace ya paa la kawaida ina kimo cha karibu meta 2, na Toyota IST kama meta 1.5. Ukiongeza unene wa jukwaa la lifti na nafasi ya kupumulia, jumla yake kama sentimeta 25, magari hayo mawili yanahitaji kimo cha meta 3.75 hivi. Hata IST mbili zinahitaji zaidi ya meta 3.2. Banda lililojengwa ubavuni mwa nyumba kwa kimo cha dari ya kawaida haliwezi kuzipokea. Mwenye nyumba atalazimika kuinua kuta na paa, na gharama hiyo haimo katika bei anayotajiwa na muuzaji.

Baada ya kimo ni uzito. IST ina uzito wa kama tani moja, lakini Land Cruiser ya kazi inapita tani mbili hata kabla ya kupakia kitu. Mnunuzi asipime kwa gari alilonalo leo tu. Mfanyabiashara wa mahindi wa Handeni anayemiliki gari dogo mwaka huu huenda akahitaji pikapu msimu ujao, na lifti haikui pamoja na biashara. Aidha, gari lililosahauliwa magunia ndani yake si gari tupu tena.

Nguzo mbili au nne

Hapa ndipo wengi hukosea. Lifti ya nguzo mbili hushika gari chini ya chasisi na kuyaacha magurudumu yakining'inia. Hiyo ni ya fundi, kwa kuwa inamfungulia breki, springi na ekseli. Lifti ya nguzo nne hubeba gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma, na mzigo hugawanyika katika pembe nne. Hiyo ndiyo ya kuhifadhia. Anayenunua ya nguzo mbili kwa ajili ya kulaza gari miezi kadhaa amenunua chombo cha kazi nyingine.

Sakafu nayo ina masharti yake. Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili hutaka zege lisilopungua unene wa milimita 100, lenye nguvu ya kama megapaskali 20, na baadhi hutaka zaidi. Zege hilo huachwa likomae, kwa kawaida siku 28, kabla ya kufungiwa boliti. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kupakwa saruji juu haibebi nguzo. Itapasuka, na gari litafuata.

Umeme ukikatika

Jambo lisiloandikwa katika karatasi za matangazo ni namna gari linavyoshuka. Lifti nzuri haiachi gari likae juu ya nguvu ya mafuta ya haidroliki, bali hulilaza juu ya makomeo ya chuma. Mafuta yanaweza kuvuja usiku kucha, komeo halivuji. Lakini ili komeo lifunguke, jukwaa lazima kwanza lipande kidogo, na kupanda kunahitaji mota. Umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, gari la juu hubaki juu mpaka umeme urudi, isipokuwa kama mtambo una pampu ya mkono.

Kwa mwenye teksi au gari la kupeleka bidhaa mnadani, asubuhi moja ya namna hiyo ni mapato ya siku nzima. Na hata umeme ukiwapo, gari la chini lazima litolewe kwanza ndipo la juu lishuke. Nyumba yenye madereva wawili wanaotoka saa tofauti itakuwa na ugomvi wa funguo kila siku.

Bei si ile ya mdomoni

Mwekezaji aandike gharama zote katika karatasi moja: bei ya mtambo, nauli ya meli na bima, ushuru wa forodha, tozo za bandari, usafirishaji hadi Korogwe, zege, fundi wa kufunga na waya wa umeme. Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni asilimia 18, na hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kujumuisha ushuru. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaweza kudai kodi hiyo kwa mtambo wa biashara yake. Mwenye kuufunga nyumbani kwa matumizi yake hana wa kumdai. Jumla hiyo ilinganishwe na gharama ya banda la bati la gari moja. Kwa kiwanja chenye nafasi, banda litashinda, na fedha itakayobaki inaweza kuingia katika bidhaa inayozunguka.

Lifti ya mtumba isiyo na kibao cha chuma kinachoonyesha uwezo wake isinunuliwe kwa bei yoyote. Waya wenye nyuzi zilizokatika, nguzo iliyopinda na komeo lililochomelewa upya ni dalili za mtambo uliokwisha kuchoka. Kwa lifti za Ulaya ipo kanuni ya EN 1493, na mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa hati yake.

Nani basi anunue?

Wapo wawili. Wa kwanza ni mwenye kiwanja chembamba katikati ya mji, ambaye hana pa kupanua na ana gari analolitumia mara chache. Huyo achukue ya nguzo nne, yenye makomeo na pampu ya mkono, na gari la juu liwe lile lisilo na haraka.

Wa pili ni mwenye gereji. Korogwe iko katika njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na magari yanayoharibika njiani hayachagui siku. Kwa huyo lifti ya nguzo mbili si pambo, ni chombo cha kipato na cha uhai. Fundi anayelala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake anaweka roho yake juu ya mpira mdogo wa kuzuia mafuta. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na mitambo ya kunyanyulia mizigo hukaguliwa chini ya sheria hiyo. Asiyeweza kumudu lifti aanze na stendi madhubuti za chuma chini ya kila gari. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya lifti, na kisingizio hakipo.

Kwa wengine wote wa Kwamndolwa, ushauri wa soko ni mfupi: ezeka banda, mwaga zege zuri, weka akiba. Siku ardhi itakapopanda bei kuliko chuma, lifti zitakuwapo bado.