Thamani ya Vikombe vya Urithi

Mwenye vikombe vya kahawa alivyoachiwa na bibi yake, awe Lamu, Mombasa au biasharani Nyaramba, huko Nyamira kwa Wakisii wanaoilima kahawa yenyewe, asiikubali bei ya mchuuzi wa kwanza.

Kwanza avihesabu. Seti iliyotimia ina bei yake. Ikipungua kikombe kimoja, bei huporomoka. Kisha avigeuze, atazame alama ya kiwanda kitakoni. Kila kimoja akigonge kwa ukucha: kizima hulia kama kengele, chenye ufa sauti yake hufa.

Vikiwa vililetwa Kenya kabla ya 1895, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yavihesabu kuwa vitu vya kale, wala havitolewi nchini bila kibali.

Akiamua kuuza, auonyeshe ufa ulipo. Kuficha ila ni ghushi, na dini yetu imeikataza.

Lakini asiye na dhiki twamshauri asiuze. Wazee wetu walivipanga vyombo vya China katika zidaka za nyumba zao, wakavirithisha. Fedha itatumika mwezi mmoja. Wajukuu wataonyeshwa nini?