Titan: Tulicheka usukani, kumbe kilichoua ni bodi

Wadau, mnakumbuka Juni 2023, nyambizi ya Titan ilipopotea ikienda kutazama mabaki ya Titanic? Dunia nzima ilicheka kile kidude cha kuchezea gemu kilichotumika kuiendesha. Watu 5 wamekufa, sisi tunajadili usukani!

Agosti 2025 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa ripoti yao. Ajali ingezuilika, walisema. Lawama zilienda kwenye ubunifu mbovu, chombo kutothibitishwa wala kukaguliwa inavyotakiwa, na dalili za bodi kuharibika zilizoonekana tangu safari za 2022 zikapuuzwa. Kidude cha gemu hakikuua mtu.

Hili linawahusu sana wale wanaojitengenezea nyambizi gereji. Ndiyo, wapo! Marekani kuna michoro ya George Kittredge, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, ya kumwezesha mtu kujijengea mwenyewe. Na kitu kinachopendeza macho kwenye chombo kama hicho ni mapezi na usukani. Vinakifanya kifanane na papa.

Mapezi ya nyuma yana kazi, sikatai. Ni kama manyoya ya mshale, yanakinyoosha chombo kisiyumbe. Ya kulala yanainua au kushusha pua, usukani unakata kona. Lakini vyote vinakula mwendo wa maji. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya pezi inabaki robo. Ukisimama, huna kitu. Muulize nahodha yeyote wa jahazi: upepo ukikata, usukani ni ubao tu. Na nyambizi ndogo za betri zinatembea polepole mno, ndiyo maana nyingi zinategemea mota za pembeni kugeuka na matangi ya hewa kupanda.

Wakubwa nao yamewakuta. Aprili 10, 1963 manowari ya Marekani, USS Thresher, ilizama na watu 129. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilipoteza nguvu ya injini, na hewa ya kusukuma maji nje ya matangi ikakwama kwa barafu kwenye mabomba. Bila mwendo, mapezi yasingeweza kuwainua.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha nyambizi yake, usianze na mapezi. Muulize maswali matatu. Umeme ukizima, nini kinakurudisha juu? Kuna uzito wa kudondosha kwa mkono? Na nani, asiyekula pesa yako, ameikagua hiyo bodi?

Swali la tatu ndilo wenye Titan walilikwepa. Chombo hakikuwa na ithibati ya taasisi yoyote huru, na abiria walikipanda hivyo hivyo.

Jamani, kujaribu vitu ni haki ya kila fundi, mimi siwazuii. Ila abiria akishapanda, hilo si jaribio lako peke yako tena. Mnasemaje wadau?