Trauti Ana Sheria Zake, Hongwe wa Junda Je?

Wacha niseme kitu ambacho najua wengine hawatakipenda. Kenya hii kuna samaki mgeni wa mlimani anayeheshimiwa kuliko samaki wetu wa Kisauni. Na kama huniamini, subiri mvua za mwezi wa tano zinyeshe siku tatu mfululizo, kriki igeuke rangi ya chai ya maziwa, halafu ushuke Junda uone kinachoendelea.

Samaki mwenyewe anaitwa trauti. Kama simu yako iko kama yangu, ushamwona. Ukiangalia video moja ya uvuvi unaletewa mia: jamaa amesimama katikati ya mto na mabuti hadi kiunoni, anarusha uzi hewani kama anacheza na mjeledi, na mwisho wa uzi kuna ndoana iliyofungwa manyoya ionekane kama nzi. Hakuna chambo, ni nzi bandia tu. Watu wanadhani hiyo ni Marekani ama Uingereza pekee. Kumbe ni hapa hapa, juu Nyeri.

Trauti hakuzaliwa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi mmoja, Ewart Grogan, aliwaleta kutoka Scotland wakatiwa kwenye Mto Gura, milima ya Aberdare. Walowezi walikuwa wamemiss mchezo wao wa nyumbani, basi wakaletewa samaki wao. Mwaka 1948 kukaanzishwa kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo. Huyu samaki anataka maji baridi, safi, yanayokimbia. Mlete Mtopanga, hamalizi siku.

Sasa sikiza anavyotunzwa. Ukitaka kumvua unakata leseni. Nyavu huruhusiwi, unatumia fimbo na nzi. Kuna kikomo cha idadi unayobeba, na mdogo anarudi majini akue. Mto wake unaanzia kwenye msitu uliozungushiwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Sawa, uzio uliwekwa kwa sababu ya ndovu, mashamba na wakataji miti, lakini trauti naye amefaidika. Msitu ukiwa mzima, mvua ikinyesha maji yanachafuka siku mbili tatu kisha yanarudi kuwa safi.

Na hapo ndo stori ilinishika mimi. Nilitaka kujua hawa watu wa nzi wanafanya nini maji yakichafuka. Samaki haoni, nzi haonekani, si wanarudi nyumbani? Hapana. Wajuzi wanasema hiyo ni siku nzuri, mradi ujue mambo matatu.

La kwanza, samaki asipoona anatumia mwili. Ana mstari wa hisia unaopita ubavuni, unasikia mtikisiko wa maji. Kwa hivyo unabadilisha nzi mdogo unaweka mkubwa, mweusi, unaosukuma maji ukivutwa. Mweusi kwa sababu kwenye tope kivuli kinaonekana kuliko rangi. La pili, mkondo ukiwa na nguvu samaki hakai katikati kupigana nao. Anasogea pembeni, nyuma ya jiwe, kwenye kona, pale minyoo iliyosombwa na mvua inapopita. La tatu, usiende maji yakiwa yanapanda na magogo yanapita. Ngoja yaanze kushuka, rangi itoke kwenye uji ielekee kwenye chai.

Niliposoma hayo nilicheka, kwa sababu nilikuwa nishayasikia yote. Wazee wa mshipi pale Junda wanayajua bila kitabu. Panda boda kutoka Mtopanga hadi Mishomoroni, teremka hadi majini, umsalimie mzee yeyote uliyemkuta na mshipi mkononi, umuulize. Atakwambia maji yakiwa machafu usiweke chambo kisicho na harufu. Weka kipande cha kamba au ngisi. Atakwambia usitupe katikati, tupa pembeni mwa mikoko, pale mkondo unapolegea. Atakwambia usubiri maji yaanze kujaa, maana maji ya bahari yanaingia safi yanayasukuma nyuma yale ya mvua, na samaki wanaingia nayo. Na atakwambia wiki ya bamvua uzidishe chubwi, la sivyo mshipi unabebwa kama karatasi.

Halafu kuna hongwe. Huyu ni samaki wa tope kabisa. Ana masharubu, anatafuta chakula kwa kugusa na kunusa, macho kwake ni ya ziada tu. Wakati wengine wamepotea kwenye maji ya chai, yeye yuko kazini. Chunga mwiba wake lakini, una sumu, na maumivu yake si ya kusimulia.

Kwa hivyo ujuzi ni ule ule. Tofauti ni kwamba ujuzi wa Gura umeandikwa vitabu, umewekewa leseni na walinzi, na wa Junda unaitwa kazi ya watu waliokosa kazi. Hiyo ndo inanikera.

Sasa rudi kwenye ule mwezi wa tano. Kusi imeshika, bahari nje ya miamba imechafuka, mwenye hori ama mtumbwi hawezi kutoka. Wavuvi wote wanarudi ndani ya kriki kwa wakati mmoja. Ni wakati ule ule mvua inashusha chakula kutoka bara, na vichanga vya samaki na kamba vimejificha kwenye mizizi ya mikoko vinakula vikue. Na kwa sababu maji ni machafu, hakuna anayeona kinachoendelea chini. Ndo nyavu zinatoka. Ile ya uzi mwembamba wa plastiki, monofilamenti. Juya la kukokota. Hata chandarua cha mbu. Nimeona beseni la chaa ambao hawafiki urefu wa kidole changu, wanauzwa kwa mafungu. Hao hawajawahi kutaga hata mara moja.

Msiniambie hatuna sheria. Juya lilipigwa marufuku tangu 2001. Monofilamenti pia ni haramu. Kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na kila bandari ya samaki inatakiwa kuwa na BMU yake, yaani wavuvi wenyewe wamepewa usimamizi. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwona hongwe na chaa kama mali, vile mtu wa Nyeri anavyomwona trauti.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu zito, silikatai: trauti ni mchezo wa watu walioshiba, chaa ni mboga ya jioni. Mwenye watoto watano Kisauni, kusi imemfungia bahari, utamwambia nini kuhusu vichanga? Njaa haisomi sheria. Kweli kabisa. Ukija na askari wa kuchoma nyavu bila mpango mwingine, umemwongezea mtu shida tu, na mwaka ujao atanunua nyingine ya bei rahisi zaidi, yenye macho madogo zaidi.

Lakini fikiria upande wa pili. Ile nyavu inakula mboga ya mwakani. Anayeumia mwanzo si mimi wa kushinda kwenye simu, ni huyo huyo mwenye watoto watano. Na hapa jirani tu, Kuruwitu kule Kilifi, wavuvi walifikia mahali pa kukosa samaki kabisa. Waliungana 2003, baadaye wakatenga kama hekta 30 za bahari wakasema hapa havuliwi. Hawakuwa matajiri. Samaki wakarudi, na 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ikiwa wao waliweza na njaa yao, sisi tunashindwa wapi?

Kuna jambo jingine, na hili haliwahusu wavuvi. Tope lenyewe. Kriki ya Tudor inapokea mito ya Kombeni na Tsalu, inashuka na udongo wa mashamba ya bara. Tope kidogo ni chakula, tope jingi ni kaburi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi hadi mizizi ya mikoko ya Mwache ikafunikwa, miti ikafa imesimama. Juu ya hilo, kuna maji ya vyoo yanayoteremka kutoka mitaani moja kwa moja hadi baharini. Mvua ya kwanza ikinyesha, ile rangi unayoiona si udongo peke yake. Mto wa trauti una uzio wa umeme. Wetu una mifereji ya choo. Halafu tunashangaa samaki wanapungua, tunamlaumu mwenye mtumbwi peke yake.

Basi nataka nini? Mambo matatu, na sidhani ni makubwa.

Kwanza, mshipi uwe huru kwa kila mtu, lakini BMU za Junda na za upande wa Mtwapa zikae na wavuvi zichague vijito viwili vitatu vya mikoko visiingizwe nyavu kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Vijito vichache tu, si kriki nzima. Pili, kaunti ianze na mifereji kabla haijaanza na wavuvi. Huwezi kumshika mtu kwa nyavu ya macho madogo huku wewe unamwaga choo juu ya samaki yule yule. Tatu ni letu sisi vijana. Mshipi, ndoana na chubwi havifikii pesa unayomaliza kwa bando la mwezi. Shuka majini na mzee anayejua, ukiwa na adabu, shikamoo kwanza, simu mfukoni. Jifunze kusoma maji ya tope. Ukipata chaa wa kidole, mrudishe. Siku ya kwanza baada ya mvua kubwa usiende, acha uchafu upite, na usimpeleke mdogo wako kuogelea pia.

Na wewe mwenye kutengeneza video kama mimi, acha kunitumia za Marekani kila siku. Nenda kamrekodi mzee wa mshipi wa Kisauni akueleze kwa nini anasubiri maji yaanze kujaa. Muulize ruhusa, mnunulie kahawa. Ujuzi ule hauko Kiganjo wala hauko kwenye kitabu, na waliobaki nao wanahesabika. Mvua ya mwaka ujao ikija, nataka kuwe na mtu wa rika letu anayejua pa kutupa ndoana, na kuwe na samaki wa kuishika.