Mpangaji wa Rhonda na gharama ya dirisha asilolimiliki

MSIMU wa baridi wa Juni hadi Agosti unapowadia, familia nyingi katika mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, hulazimika kuchagua kati ya baridi na moshi. Nakuru i karibu na Ikweta, lakini imeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa mkali. Wengi huishi katika vyumba vya kupanga vyenye dirisha moja dogo na paa la mabati lisilo na dari.

Kioo kikivunjika, pengo huzibwa kwa katoni au gunia. Chumba kikawa giza, taa huwashwa mchana, na usiku jiko la makaa huingizwa ndani kuleta joto. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua waliolala kabla hawajaitambua. Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020.

Kiini cha tatizo si umaskini pekee. Dirisha ni mali ya mwenye nyumba, ilhali gharama ya stima na makaa ni mzigo wa mpangaji. Mwenye nyumba akilibadilisha, atakayeokoa pesa ni mpangaji. Mpangaji akilibadilisha, ataliacha siku atakapohama. Hivyo kila mmoja humsubiri mwenzake, na gunia husalia pale pale.

Mvutano huu haupo Kenya pekee. Katika England na Wales, tangu Aprili 2020, wenye nyumba hawaruhusiwi kukodisha makao yaliyo chini ya daraja E la matumizi bora ya nishati, isipokuwa yale yaliyosamehewa kisheria.

Hata hivyo, dawa ya huko, madirisha ya vioo viwili yasiyopenyeza hewa, haifai kuigwa kibubusa. Chumba kinachotumia makaa kikizibwa kabisa, hugeuka mtego. Rhonda yahitaji dirisha linalofunguka na kufungika sawasawa, tundu la kudumu la hewa, dari ya kuzuia joto lisitoroke, na njia ya kupika isiyotegemea makaa.

Sheria zipo. Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) huwapa maafisa wa afya uwezo wa kuamuru nyumba zinazohatarisha afya zirekebishwe. Lakini Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba (Sura ya 296) huwakinga tu wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Anayelipa zaidi hakingwi na sheria hiyo akipandishiwa kodi kwa kisingizio cha ukarabati.

Mtaa huu wenyewe unao mfano wa kuigwa. Kuanzia 2012, mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalishirikiana na maafisa wa afya kuwahimiza wenye nyumba wa Rhonda na Kaptembwo kujenga vyoo bora, huku mikopo ya benki ikitafutwa kwa ajili yao. Shinikizo la sheria liliambatana na njia ya kulipa.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru yaweza kufuata mkondo uo huo kwa madirisha, mradi kodi isipandishwe kiholela baada ya kazi. Ukaguzi bila mikopo utazaa ukaidi, na mikopo bila ukaguzi haitamfikia mpangaji.