Kiwanda Huanzia Shambani

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba wenye viwanda hawasimamii mnyororo wa ugavi kwa sababu tu hawajaelimishwa. Dawa yao ni semina. Hoja hiyo haina msingi, na historia ya korosho ya Tanzania inaikanusha.

Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vilianza kujengwa viwanda ambavyo kwa jumla viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lakini mavuno, yaliyofikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, yaliporomoka hadi tani 17,000 hivi katika msimu wa 1986/87. Wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei haikulipa jasho lao. Na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Viwanda vikakosa kazi.

Je, meneja wa kiwanda hakujua kwamba pasipo korosho hapana ubanguaji? Alijua fika. Lakini ununuzi ulikuwa mikononi mwa chombo kimoja, bei ilipangwa kwingine, na deni lilikuwa la taifa. Kiwandani hapakuwa na mtu aliyelazimika kumfuata mkulima, wala aliyepewa mamlaka ya kufanya hivyo. Elimu isiyo na wajibu ni jembe lisilo na mpini.

Kinyume chake ni kampuni ya Toyota ya Japani. Mwaka 1950 ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, haina fedha za kulaza ghalani. Ndipo mhandisi Taiichi Ohno alipojenga utaratibu wa kila kipuri kufika pale tu kinapohitajika. Tetemeko la Machi 11, 2011 lilipokata ugavi, kampuni hiyo iliwachunguza wauzaji wake hadi ngazi za chini na kudai akiba ya vipuri adimu. Mara zote mbili mwalimu wake alikuwa dhiki, si semina.

Basi ieleweke kwamba kinachomsukuma mwenye kiwanda ni hasara inayomgusa yeye mwenyewe, mteja anayeweza kwenda kwingine, na mamlaka ya kufunga mkataba na mkulima kwa bei ya haki. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imeendelea kusafirishwa ikiwa ghafi, ikabanguliwa ng'ambo. Kabla ya kuweka jiwe la msingi la kiwanda kingine, wapangaji wajibu swali moja: malighafi isipofika, nani atapata hasara? Wasipokuwa na jibu, wanajenga makao ya popo.