Gari Linapotetemeka Barabara Kuu



Juma hili twaiweka kando mada ya malezi kwa ajili ya swali la mama mmoja wa Makina, Kibera, ambalo twaona lina haki ya kujibiwa kabla shule hazijafungwa. Mama huyu ana Toyota Probox kuukuu. Siku za kazi humbebea madera na vitenge kutoka Eastleigh, na kila likizo humchukua yeye na wanawe hadi Mombasa kwa wazee. Mjini gari ni tulivu. Likishavuka Mlolongo na kasi ikafika kilomita 80 kwa saa, usukani huanza kumtetemeka mikononi; akifika 95 hata tasbihi iliyotundikwa kwenye kioo hucheza; akirudi 70, kimya. Fundi wa kwanza alimbadilishia shokamzoba za mbele. Wa pili akambadilishia diski za breki. Mtikisiko uko pale pale, na fedha alizoziweka kwa karo zimekwenda. Sasa fundi wa tatu amemwambia anunue mtambo mzima wa usukani, naye atuuliza anunue au asinunue.

Jibu letu ni kwamba asinunue. Mtambo wa usukani ukilegea, ulegevu wake huonekana hata kwa mwendo wa pole, katika matuta na mashimo ya Kibera Drive. Kitu kinachonyamaza chini ya 70 na kusema juu ya 80 chapasa kutafutwa kwanza katika vile vizungukavyo, na vya kwanza kati ya hivyo ni magurudumu.

Tuangalie hesabu kidogo. Gurudumu la gari kama hilo, kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, huzunguka takriban mara 15 kwa kila sekunde. Ikiwa upande mmoja wa rimu umezidi uzito kwa gramu 30 tu, basi kwa kasi hiyo uzito ule mdogo huvuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, mara 15 kwa sekunde, juu, chini, mbele, nyuma. Kwa kilomita 50 kwa saa, nguvu hiyo haifiki hata kilo moja na robo, kwa kuwa kasi ikirudufika nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana gari linaloishi Kawangware, likienda na kurudi Naivasha Road katika msongamano, laweza kubeba ila hii miaka miwili bila ya mwenyewe kuijua, hadi siku ya safari.

Na gramu 30 si kitu katika mitaa yetu. Majira ya mvua tope la vichochoro huingia ndani ya rimu, likakauka na kugandamana upande mmoja. Tumeona gari lililoponywa kwa ndoo ya maji na brashi ya kusugulia. Kwa hiyo mama, kabla hujamwendea fundi yeyote, osha rimu kwa ndani, upande ule usioonekana ukisimama nje. Tazama pia kama kuna alama safi ya mstatili ukingoni mwa rimu: hapo palikuwa na kipande cha risasi cha kusawazishia uzito, nacho kimeanguka.

Swali la pili ni mahali unapousikia mtikisiko. Ukiwa mikononi, katika usukani, shuku magurudumu ya mbele. Ukiwa katika kiti na sakafu, shuku ya nyuma. Ukija pale tu unapokanyaga breki, hapo diski zina la kujibu; mama yetu hakuwa akikanyaga breki, na hiyo yatosha kuonyesha kuwa diski zake zilibadilishwa bure. Ukija unapokanyaga mafuta na kuisha unapoachia, tazama viungo vya shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Na kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama nyingi za Hiace, tazama propela na krosi zake. Ukiwapo hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma, huo si wa magurudumu, ni wa injini au mipira inayoishikilia. Mvumo mzito unaobadilika unapokata kona mara nyingi ni beringi.

Hapa twaongeza neno kuhusu alaimenti, kwa sababu kina mama wengi huuziwa hiyo kama dawa ya kila maradhi. Alaimenti hurekebisha gari linalovuta upande mmoja au linalokula tairi ukingoni. Mtikisiko wa kasi dawa yake ni balansi, nayo ni kazi nyingine, kwa mashine nyingine, na kwa kawaida bei yake ni ndogo zaidi.

Jaribio tunalolipenda kuliko yote halihitaji mashine. Ni jeki na spana. Hamisha magurudumu mawili ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha liendeshe gari barabara kuu. Kwa watu wa Kibera na Kawangware, Southern Bypass i karibu; nenda asubuhi ya Jumapili, kwa kasi inayoruhusiwa na alama za barabarani. Mtikisiko ukihama kutoka usukani hadi kiti, basi kosa limo katika magurudumu yenyewe, na hakuna haja ya kufungua kingine chochote. Usipohama, ndipo fundi aliinue gari, alitikise kila gurudumu kwa kulishika juu na chini, kisha kulia na kushoto, aonyeshe kwa macho yako kilicholegea.

Tulimwomba mama yetu afanye hivyo kabla hatujaandika haya. Mtikisiko ulihama. Akaenda kwa fundi wa tairi karibu na Kawangware, magurudumu yakatolewa moja moja na kuzungushwa. Lile lililokuwa mbele kulia lilikuwa na uvimbe kama nusu ya limau, upande wa ndani, unaotazama chini ya gari. Nyuzi za ndani ya tairi zilikuwa zimekatika, yumkini kwa shimo. Mafundi wawili walikwisha kuling'oa gurudumu lile na kulirudisha, mmoja akifunga shokamzoba na mwingine diski, na hakuna aliyelitazama. Tairi la namna hiyo halisawazishwi, hutupwa. Likiachwa hupasuka, na hupasuka pale pale kwenye kasi na joto, gari likiwa limejaa watoto. Twasema hili kwa ukali kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mtikisiko ni wa kuzoea, maana gari limezeeka.

Anayenunua tairi badala yake asome tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kama 1419, maana yake juma la 14 la mwaka 2019. Tairi za mitumba zenye mifereji mizuri huenda zina umri kuliko mtoto wa darasa la nne. Zilizochongwa mifereji upya kwa kisu zisiguswe kabisa. Na rimu za aloi za mitumba, zinazopendwa na vijana, wakati mwingine zina tundu la kati pana kuliko kitovu cha gari. Gurudumu hilo laweza kupita mashine ya balansi vizuri na bado likatetemeka likifungwa, mpaka liwekewe pete ya kuziba nafasi.

Mama amenunua tairi mbili mpya, akaziweka nyuma kama alivyoshauriwa na fundi, na magurudumu yote manne yamefanyiwa balansi. Nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka duara, kisha zikazwe tena baada ya kilomita mia hivi. Kwa msafiri wa Mombasa hiyo ni Emali; akisimama kuwapumzisha watoto, spana iwe imekwisha kutolewa chini ya mizigo.